Cheti cha SAP na mzani wa AMCOS

Mtihani mmoja wa cheti wa Oracle, kampuni ya mifumo ya kompyuta ya kuendeshea biashara, umeandikwa dola 245 kwenye orodha yao ya bei. Kwa fedha yetu ni kama shilingi 600,000. Msimu wa 2024/25, bei ya korosho ghafi ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, fedha hiyo ilikuwa sawa na kilo 150 kabla ya makato, yaani magunia mawili kasoro kidogo. Msimu ambao bei imelala kwenye 2,000, ni karibu magunia manne. Naanza na hesabu hii kwa sababu ndiyo anayoipiga mzazi wa Tandahimba au Nachingwea, mwanawe anaporudi na shahada ya uhasibu au ya TEHAMA na kusema, "Baba, bado naomba hela ya cheti cha mfumo." Mzazi huyo hana ugomvi na elimu. Anachotaka kujua ni kama gunia litarudi.

Mimi nimefanya kazi za uhasibu na mifumo hapa Mtwara muda wa kutosha, na vijana huniuliza jambo hilohilo kwa maneno mengine: nianze na SAP au Oracle? Microsoft je? Huwa nawaambia swali limeanzia katikati. Vyeti hivi vina thamani ya kweli, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini vilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anakaa mbele ya mfumo kazini kila siku, na ambaye mwajiri wake ndiye anayelipia mtihani. Kijana wa kusini hana mfumo wala mlipaji. Ngazi anayoonyeshwa haina kipago cha chini, na hicho kipago hakiwezi kuchongwa na yeye peke yake. Wanaopaswa kukichonga ni taasisi za huku zinazonunua mifumo, na vyuo vinavyofundisha huku.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. ERP ni mfumo mmoja unaobeba shughuli zote za taasisi: uhasibu, manunuzi, ghala, mauzo, mishahara, matengenezo ya mitambo. Mzigo ukipokelewa ghalani, hesabu zinajua papo hapo. Mtu wa manunuzi haandiki mara ya pili na mhasibu haandiki mara ya tatu. SAP, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM, ndiyo inayotajwa sana kwenye kampuni kubwa duniani. Oracle ya Marekani ilianza mwaka 1977 na kujijenga kwa hifadhidata, kisha ikaingia kwenye programu za fedha na biashara, na mwaka 2016 ikainunua NetSuite. Microsoft ina Dynamics 365. Odoo ya Ubelgiji na ERPNext ya India zina matoleo huria ambayo unaweza kuyapakua na kuyasimika bila kulipia leseni. Na kwenye maduka na maghala mengi ya wafanyabiashara wetu utakuta Tally au QuickBooks. Hizi hazifiki ukubwa wa ERP, lakini ndizo zinazofunga hesabu za mwezi.

Kila mmoja ana ngazi yake ya vyeti. Kwa SAP unachagua moduli, iwe fedha, manunuzi na ghala, mauzo, uzalishaji, au uandishi wa programu kwa lugha yao ya ABAP, kisha unaanza na cheti cha ngazi ya kwanza kabla ya kufikiria cha juu yake. Microsoft ina ngazi tatu: ya msingi, ya kati na ya ubingwa, na ili ufaulu unahitaji alama 700 kati ya 1,000. Odoo hutoa toleo jipya kila mwaka na cheti chake kimefungwa kwenye toleo ulilofanyia mtihani.

Hapo kwenye kufungwa ndipo penye jambo ambalo wauza kozi hawalisemi kwa sauti. Shahada ukiitundika ukutani leo, miaka 20 ijayo itakuwa bado shahada. Vyeti hivi vinachakaa. Cheti cha Microsoft cha ngazi ya kati kinaishi mwaka mmoja, ingawa kukihuisha ni bure na hufanyika mtandaoni. SAP nao, tangu 2024, wanamtaka mwenye cheti apitie tathmini kila mwaka kuonyesha kwamba anakwenda na mabadiliko, la sivyo cheti kinakwisha nguvu. Na mfumo wenyewe unahama. SAP ilileta mfumo wake mpya, S/4HANA, mwaka 2015, na mfumo wao wa zamani, ECC, utakoma kupata matengenezo ya kawaida mwishoni mwa 2027, na yale ya kulipia ziada mwishoni mwa 2030. Kijana aliyepewa na kaka yake vitabu vya ECC kwenye fulashi anasoma ramani ya nyumba inayobomolewa.

Sasa mtazame huyo kijana wa Ligula au wa Mtanda kule Lindi. SAP wameweka masomo mengi ya bure mtandaoni, na hilo ni jambo jema. Lakini kusoma jinsi ankara inavyoingizwa na kuingiza ankara ni mambo mawili. Mfumo huo huwezi kuuweka kwenye laptop ya mtumba ukaanza kuchezea; nafasi ya kufanyia mazoezi kwenye mfumo hai inalipiwa. Akishajinyima akafaulu, anakutana na tangazo la kazi linalotaka cheti pamoja na miaka mitatu ya uzoefu na ushiriki katika mradi mzima, tangu mwanzo hadi siku mfumo unapowashwa. Uzoefu huo angeupata wapi? Mradi wa aina hiyo ukifanyika Mtwara, wataalamu wanashuka uwanja wa ndege na mabegi yao, wanakaa hotelini Shangani miezi sita, kisha wanapanda ndege kurudi. Vijana wetu wanabaki na kazi ya kuingiza takwimu.

Na mtihani wenyewe unafanyikia wapi? Ama usafiri kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara, ama ufanye ukiwa nyumbani huku msimamizi akikutazama kwa kamera. Mtihani wa nyumbani una masharti yake: chumba kitupu, meza safi, simu mbali, mtu yeyote asiingie, na jina ulilojiandikisha nalo lilingane na la kwenye kitambulisho. Ukiishi chumba kimoja na wadogo zako wawili, sharti la chumba kitupu tayari ni mtihani wa kwanza. Mimi mwenyewe niliwahi kufukuza familia yote nyumbani asubuhi, nikakaa, na dakika ya 40 umeme ukakatika. Laptop ilibaki na chaji lakini kifaa cha intaneti kilizimika, na mtihani ukafungwa. Nilipoandika kueleza, nilijibiwa baada ya siku kadhaa, na nafasi niliyopewa ikanikuta nimeshasahau nusu ya nilichosoma. Nilikuwa na mshahara, niliweza kuvumilia. Kuna wengine hapo ndipo safari inapoishia.

Kumbuka Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi kilikuja Kimbunga Hidaya, mvua ikakata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, mabasi na malori yakalala njiani. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Mtu wa kusini aliyekuwa na mtihani mwezi ule alifungiwa milango yote miwili ndani ya wiki mbili, wa barabara na wa mtandao. Wanaopanga mafunzo ya kitaifa wakiwa Dar es Salaam au Dodoma hulisahau hili kwa urahisi.

Kuna mahali cheti peke yake kinauzika, na haki itendeke nilitaje. Kampuni zinazouza na kusimika mifumo hii hupangiwa madaraja na wenye mifumo, na mojawapo ya vigezo ni idadi ya wafanyakazi wenye vyeti. Kampuni ikitaka kupanda daraja, inahitaji vichwa vya kuhesabiwa. Kijana mwenye cheti halali anaweza kuingia hapo hata bila uzoefu, kwa mshahara mdogo, na akajifunzia kazi humo. Wapo waliopita mlango huo, hasa Dar es Salaam na Nairobi. Kwa hiyo mtu mwenye ndugu wa kumpokea mjini na uvumilivu wa mwaka mmoja au miwili asikatishwe tamaa na ninayoyasema. Ila ajue kwamba anachouza pale ni hesabu ya kichwa, na ujuzi bado yuko njiani kuutafuta.

Na tusidanganyane kuhusu dampu, yale makusanyo ya maswali yaliyoibwa kwenye mitihani yanayouzwa kwenye makundi ya simu. Wenye mifumo wanafuta vyeti vilivyopatikana hivyo na kumfungia mtu asifanye mtihani tena. Kibaya zaidi, kinakuja kikao cha kwanza na mteja, mhasibu wa kiwandani anakuuliza kwa nini mzigo uliopokelewa hauonekani kwenye deni la mgavi, na huna la kumjibu.

Sisi wa kusini tuliwahi kuupitia mlango unaofanana na huu. Wakati wa matumaini makubwa ya gesi, vijana waliofundishwa kwenye vyuo vya VETA huku walipewa ufundi wa kiwango cha City & Guilds ya Uingereza ili wawe tayari kwa kazi zitakazokuja. Vyeti vilikuwa vya kweli na mafunzo yalikuwa mazuri. Lakini mtambo mkubwa wa gesi kimiminika wa Likong'o, Lindi, ambao makubaliano yake ya awali yalisainiwa Juni 2022, hadi naandika haya haujajengwa. Ninaowafahamu mimi waliofanikiwa ni wale waliouchukua uchomeleaji wao na umeme wao wakaupeleka kwenye kazi iliyokuwepo, kiwandani na bandarini, bila kungoja kazi iliyoahidiwa. Aliyeshikilia jina la cheti alikaa barazani nalo.

Upande wa serikali nao una somo lake. Kwa miaka mingi halmashauri zetu zilifanya malipo kwa kutumia mfumo wa Epicor. Palikuwa na watu waliojulikana wilaya nzima kama "mtu wa Epicor", na kweli ukikwama ulimpigia simu yeye. Kisha ikaja MUSE, mfumo uliojengwa na serikali yenyewe, na Epicor ikawekwa pembeni. Kwenye manunuzi vilevile, TANePS iliondoka mwaka 2023 ikaja NeST. Walioijua Epicor kwa vitufe vyake walianza upya kama wageni. Waliojua kwa nini malipo yanahitaji kifungu cha bajeti, ahadi ya matumizi inakaa wapi kabla ya hati ya malipo, na usuluhisho wa benki unafungwaje, walihamia MUSE ndani ya wiki chache na wakawa walimu wa wenzao. Kijana anayelenga halmashauri au taasisi ya umma hana haja ya kuuza gunia kwa ajili ya SAP. Mifumo ya huko inafundishwa na wenyewe, na kinachomwinua ni CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu cha NBAA, bodi ya wahasibu, na kuielewa kazi.

Kuielewa kazi ndiko ninakotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa kusini tuna utajiri ambao hatuuhesabu.

Fuata gunia moja. Mkulima wa Newala analileta AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kwa pikipiki. Karani analiweka kwenye mzani, anaandika uzito, anampa mkulima karatasi yake. Tangu dakika hiyo kuna mzigo uliopokelewa ambao bado haujauzwa, haujapangiwa bei, na mwenyewe bado ni mkulima. Kwenye ERP hili lina jina na lina mahali pake: mzigo wa mtu mwingine uliohifadhiwa kwako, ambao hauruhusiwi kuonekana kama mali yako kwenye hesabu. Ni mada ambayo watu wa kozi hukwama nayo siku nzima. Mtoto wa Newala ameiona tangu anasoma darasa la tano.

Magunia ya wakulima wengi yanajazwa kwenye lori moja kwenda ghala kuu. Pale yanapimwa tena, na uzito hauwi uleule, kwa sababu korosho hunyauka. Tofauti hiyo nani anaibeba? Mfumo lazima uambiwe. Inachukuliwa sampuli, unapimwa ubora, mzigo unapewa daraja, na stakabadhi ya ghala inatolewa. Huo ndio usimamizi wa kundi la mzigo pamoja na udhibiti wa ubora, moduli mbili ambazo wataalamu wake hulipwa vizuri. Kisha mzigo unaingia kwenye orodha ya mnada, ambao siku hizi unaendeshwa kielektroniki kupitia TMX, soko la bidhaa la Tanzania, na wanunuzi wanaweka bei. Mnunuzi akishinda, anadaiwa. Akilipa, fedha inashuka kwa chama kikuu cha ushirika na AMCOS huku makato yakitolewa moja baada ya jingine, ya chama, ya usafiri, ya ghala, mpaka inabaki ile inayoingia akaunti ya mkulima benki.

Na hapo ndipo kelele zinapoanza. "Mbona mwenzangu tulipima siku moja, yeye kalipwa na mimi bado?" Kila aliyewahi kukaa ofisi ya AMCOS mwezi wa Novemba anaijua sauti hiyo. Jibu lake limejificha kwenye mnyororo wote niliousimulia: huenda mzigo wa huyu uliingia lori la Jumatatu ukauzwa mnada wa wiki hii, na wa yule uliingia lori la Alhamisi ukasubiri mnada unaofuata kwa bei nyingine. Huenda jina la kwenye karatasi ya mzani na la kwenye akaunti ya benki yametofautiana herufi moja, malipo yakarudi. Anayeweza kukaa chini, akafuata gunia lile nyuma hatua kwa hatua, akampa mkulima jibu la kweli, huyo anafanya kazi ya mtaalamu wa ERP. Hana tu mtu wa kumwambia hivyo.

Ndiyo maana huwa nasema chagua kazi kwanza, jina la mfumo lije baadaye. Mwenye kichwa cha uhasibu aende upande wa fedha, na asiiache CPA njiani eti SAP inalipa zaidi. Vikikutana kwa mtu mmoja ndipo thamani inapopanda. Aliyekulia kwenye maghala, bandarini au kwa mawakala wa forodha aende upande wa manunuzi, ghala na usafirishaji. Fundi wa mitambo anayeijua ratiba ya matengenezo ya kiwanda cha saruji au cha kubangua korosho ana moduli yake inayomngoja, na washindani wake ni wachache kuliko kwenye fedha. Anayependa kuandika programu ajue tu kwamba hata yeye ataulizwa gunia linapita wapi.

Mazoezi ayafanyie wapi? Kwenye mifumo huria. ERPNext na toleo huria la Odoo vinaweza kusimikwa bila leseni, na wenye ERPNext wana masomo yao ya bure pia. Hazina jina kubwa kama SAP, lakini ndani yake zina vitu vilevile: mgavi, ghala, kundi la mzigo, ankara, malipo, leja. Jenga humo AMCOS ya kubuni yenye wakulima 30, maghala mawili na minada mitatu ya bei tofauti. Lipa kila mkulima, toa makato, funga mwezi. Kisha haribu kitu makusudi, futa uzito mmoja, na utafute kosa kana kwamba hulijui. Ukimwonyesha mwajiri kazi hiyo, umempa kitu cha kukishika. Baada ya hapo nenda kwenye mtihani wa bei nafuu au wa bure. Microsoft wana masomo ya bure na mtihani wa ngazi ya msingi ambao cheti chake hakina mwisho wa muda. Oracle nao mara kwa mara hufungua baadhi ya mitihani yao ya wingu, yaani huduma za kompyuta za kupitia intaneti, bila malipo. SAP ije wakati kuna mtu wa kukulipia au kazi inayoidai.

Nimesema mengi kwa kijana, lakini mzigo mkubwa nauweka kwa wengine.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mfumo ulinunuliwa kwa fedha nyingi. Wasimikaji walikuja, wakawafundisha watu 40 ukumbini siku tatu mfululizo kwa picha za ukutani, wakasaini karatasi, wakaondoka. Mwezi wa pili hakuna aliyeweza kufunga hesabu. Mwezi wa nne tukarudi kwenye Ekseli, huku ada ya leseni ikiendelea kulipwa kila mwaka. Hatukuwa wavivu wala wajinga. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameshiriki pale mfumo ulipokuwa unapangwa, kwa hiyo ulipokataa hatukujua kwa nini unakataa. Hata neno la siri la msimamizi tulikuwa tunaliomba kwa simu. Bado naumia nikikumbuka fedha ile ilitoka kwa nani.

Dawa yake ni ya mkataba, na haihitaji sera mpya. Taasisi yoyote ya Mtwara au Lindi inayonunua mfumo, iwe chama kikuu, kiwanda, mwendesha ghala au msafirishaji, iandike kwamba wafanyakazi wawili au watatu wa hapahapa watakaa ndani ya mradi tangu siku ya kwanza, watashiriki kupanga hatua na kuhamisha taarifa za zamani, na ada yao ya mtihani imo ndani ya bei ya mradi. Ukilinganisha na bei ya leseni, ada hiyo ni chenji. Iandike pia kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka hao wawili wafunge mwezi mzima wa hesabu wenyewe, bila mkono wa msimikaji, na kwamba haki za msimamizi wa mfumo zinakabidhiwa kwa maandishi. Msimikaji mkweli hataogopa masharti hayo. Na hao wawili watatoka na kile ambacho matangazo ya kazi yanakidai: cheti pamoja na mradi mzima.

Najua hoja ya wakubwa: tukiwasomesha watahama. Baadhi watahama, ni kweli. Lakini asiyesomeshwa akibaki, unabaki naye na mfumo usioendeshwa. Mfungeni kwa makubaliano ya miaka miwili, mlipeni vizuri, na msomesheni wa pili yake.

Kwa vyuo nina ombi moja tu, nalo ni la chumba. Tuna kampasi ya TIA Mtwara, tuna Stella Maris, tuna VETA za mikoa yote miwili. Pearson VUE, kampuni inayoendesha mitihani ya Microsoft na wengine wengi, huruhusu vyuo kuwa vituo vya mitihani vikitimiza masharti. Chumba kimoja chenye kompyuta chache, kamera, jenereta na laini mbili za intaneti za kampuni tofauti kingemwondolea kijana wa Masasi, Ruangwa na Liwale safari ya Dar es Salaam, pamoja na ile hofu ya umeme dakika ya 40. Oracle Academy nayo hutoa masomo na programu bure kwa vyuo vinavyojiunga. Mwalimu mmoja aliyejitoa anaweza kuanzisha hilo muhula ujao.

Wiki mbili zilizopita binti mmoja wa Chikongola, mhitimu wa uhasibu, alikuja nyumbani. Alinipa shikamoo, akakaa, akasema, "Mjomba, nimeweka ERPNext, lakini makato yananigomea. Nikitoa ya usafiri, salio la mkulima linakuwa hasi." Tulikaa nayo mpaka taa za barabarani zikawaka. Kosa lilikuwa kwamba alimwekea usafiri mkulima mmojammoja badala ya kuugawa kwa uzito wa lori zima. Alipolirekebisha, leja ikakaa sawa, akacheka kwa nguvu. Ameniomba nimtafutie karatasi halisi za mzani, zilizofutwa majina, ili aone watu wanavyokosea kuandika. Nina ndugu karani huko Tandahimba, na kesho nampigia.